Leodgar Aliyefukua Kila Kilichopandwa

Katika kata ya Misunkumilo, pale nyumba za bati zinapopungua na mashamba kuanza, anaishi mwanamume aitwaye Leodgar, ambaye tangu azaliwe hajaamini kitu asichokiona. Wapo wanaomsifu kwa sababu hiyo. Husema ni mtu makini, mtu asiyedanganyika, mtu wa ushahidi. Mimi nimesoma naye shule ya msingi hapa Mpanda, na baadaye ndoa ya shangazi yangu ikatufanya jamaa. Nina haki ya kusema tofauti. Upofu una namna nyingi, na mbaya kuliko zote ni ule wa mtu mwenye macho mazima anayeyategemea kupita kiasi.

Ninaandika habari zake kwa sababu watu wa aina yake hawaandikwi. Huandikwa majambazi na wakubwa walioanguka. Mtu wa kawaida anayekwenda kanisani, asiyempiga mkewe, asiyelewa hovyo, ambaye hata hivyo ameharibu karibu kila kilichopita mikononi mwake, huyo hupita kimya, na siku akifa husomewa wasifu mtamu mbele ya jeneza. Nimeona ni heri wasifu wa Leodgar uandikwe angali hai, na uandikwe na mtu asiyelazimika kumlilia.

Alipomposa Imakulata, binti wa Katumba, alitakiwa kwenda kumsaidia mama mkwe kilimo kwa msimu mmoja. Ndivyo ilivyokuwa katika familia ile: walitaka kumwona mkwe akiwa na jembe kabla ya kumwona akiwa na suti. Akapewa palizi ya karanga. Karanga, kama ajuavyo hata mtoto, huchanua juu ya ardhi na kuzaa chini yake. Leodgar hakuridhika na habari hiyo. Kila asubuhi aling'oa shina moja, akalipindua, akatazama kama limezaa, kisha akalirudisha udongoni na kulishindilia kwa kisigino. Mama mkwe alipoona mistari yake inanyauka alidhani ni ugonjwa, mpaka siku alipomfuma amechuchumaa na shina mkononi.

"Mkwe wangu," akamwambia, "karanga si gazeti, kwamba kila asubuhi lazima ulifunue."

"Nilitaka kuhakikisha tu, mama."

"Haya, umehakikisha. Sasa hazipo."

Imakulata aliolewa naye hata hivyo. Nilipomuuliza kilichompata, alicheka. "Nilidhani ni njaa, dada. Njaa inatibika."

Haikuwa njaa. Baba yake mkubwa Leodgar, marehemu Venansi, mume wa shangazi yangu Klementina, alikuwa mrina asali mwenye jina zuri katika misitu ya huku. Kwa huruma alimpa kijana wake mizinga kadhaa, akamwonyesha namna ya kuipandisha mtini kwa kamba, akamsihi aiache itulie hadi nyuki waizoee na kuijaza. Leodgar akawa anapanda na moshi kila wiki, anafungua, anachungulia, anafunga. Nyuki wa Katavi si wapole, lakini wana busara: hawabishani na mpumbavu, humhama. Mizinga ikabaki mitupu, na Leodgar akatangaza kijiweni kwamba nyuki wa siku hizi ni wavivu kwa sababu ya minara ya simu.

Akaingia katika bajaji. Chombo kilikuwa kizima, kinatembea kutoka stesheni ya reli hadi sokoni bila kikohozi. Ni uzima huo huo uliomtia wasiwasi. Injini isiyolia, alisema, huenda inaficha kitu. Akaifungua chini ya mwanga wa jua, akaitandaza juu ya gunia, akairudisha. Ikabaki nati moja isiyojulikana ilikotoka. Mtu mwingine angeficha uso. Yeye alitembea na nati hiyo mfukoni akiwaonyesha watu kama ushahidi kwamba viwanda vya ng'ambo hujaza vyuma visivyohitajika. Bajaji haikuwaka tena vizuri, ila nati aliendelea kuing'arisha.

Ningemwacha na nati yake kama asingeligusa shamba la shangazi.

Venansi alifariki bila kuacha mtoto. Ukoo wake ulikuwa na kanuni ambayo sikuipenda wakati ule na siipendi leo: mjane asiye na mtoto huendelea na shamba la mumewe maadamu juu yake kuna kitu alichokipanda kwa mkono wake mwenyewe, nacho kinaishi mwaka mzima. Mahindi hayahesabiwi, maharage hayahesabiwi, kwa kuwa huvunwa yakaisha. Shamba likikutwa halina kitu cha namna hiyo, hurudi kwa ukoo, na katika ukoo ule kurudi kwa ukoo maana yake ilikuwa kwenda kwa Leodgar, mtoto wa kiume wa karibu. Wazee walioitunga kanuni hiyo hawakumuuliza mjane yeyote. Mjane kwao alikuwa mpangaji ambaye kodi yake ni kivuli.

Shangazi hakuwa na mahali pengine. Kaka yake, yaani baba yangu, alikwisha kufa. Na mimi nilikaa chumba cha mwalimu. Shamba lile la ukingoni ndilo lililokuwa nyumba yake, chakula chake na kaburi la mumewe. Akapanda miembe, mchwa wakaila. Akapanda michungwa, maji yalikuwa mbali na kiangazi kirefu, ikakauka. Ndipo akanijia, akijua kwamba nilisomea elimu ya mimea chuo kikuu na kwamba shahada ile haikuwa imemfaa mtu yeyote wa ukoo hadi siku hiyo.

"Niambie mti usiohitaji kubembelezwa," akasema.

Mpakani mwa shamba lake ulisimama mninga mkubwa, wa zamani kuliko ukoo wote. Nikamwonyesha ule.

Mninga ni wa jenasi ya Pterocarpus, katika jamii ya mikunde, ndugu wa mkurungu ambao malori yamekwisha kuupunguza mno katika misitu yetu. Jina hilo la kitaalamu maana yake ni tunda lenye bawa, na jina halikukosea. Tunda ni duara, jembamba ukingoni kama chapati iliyokaushwa, na katikati limefura na kujaa miiba laini, utadhani nungunungu mchanga amelala juu ya sahani. Upepo hulichukua kwa bawa lile na kulipeleka mbali na mama yake. Jani lake limeundwa na vijani vingi vilivyopangwa pande mbili za kikonyo kimoja. Mvua zinapokaribia, kabla msitu mzima haujaamka, mti hujivika maua ya manjano yanayokaribia rangi ya chungwa, yenye harufu ambayo nyuki huijua kutoka mbali. Hudumu muda mfupi, kisha ardhi chini yake ikawa ya dhahabu. Ukilikata gome, unatoka utomvu mwekundu, mzito, na mgeni asiyeujua mti hurudi nyuma akidhani amejeruhi kitu chenye roho. Mbao zake za nje ni nyeupe na dhaifu, chakula cha wadudu. Ni kiini cha ndani, kinachojijenga taratibu kwa miaka mingi, ndicho kitanda tunacholalia na mlango tunaoufunga.

Hayo yote yanaonekana, na Leodgar aliyajua. Lakini mninga una tabia nyingine isiyoonekana. Mche wake ukichipua kwa mvua za kwanza, huishi msimu mmoja tu juu ya ardhi. Kiangazi kikiingia, kishina hunyauka na kufa hadi usawa wa udongo. Moto wa nyasi hupita na kumaliza mabaki. Mtazamaji huona jivu. Chini, hata hivyo, mzizi mmoja mnene unashuka moja kwa moja, unajiwekea akiba, unanenepa. Mvua zikirudi hutoa chipukizi jipya, ambalo nalo litakufa kiangazi kijacho. Mchezo huo huendelea mwaka baada ya mwaka, hata zaidi ya mtu anavyoweza kustahimili, mpaka mzizi ujione umeshiba. Hapo, katika msimu mmoja, hutoa shina lenye nguvu ambalo halitakufa tena, likakimbilia juu kama deni lililolipwa.

Nilimweleza shangazi haya yote. Alisikiliza akiwa amekunja mikono.

"Kwa hiyo unanishauri nipande kitu kitakachokufa kila mwaka mbele ya watu."

"Hakifi, shangazi. Kinajificha."

"Mbele ya Leodgar, kujificha na kufa ni kitu kimoja."

Hata hivyo alipanda. Alichukua kamba ya marehemu mumewe, ile ya kupandishia mizinga, yenye mafundo katika urefu wake wote, akaitandaza shambani, na kila penye fundo akatia mbegu alizozitoa kwa taabu ndani ya matunda yale magumu. Akaisogeza kamba, akapanda mstari mwingine, na mwingine. Nilimwambia mistari haina lazima. Akanijibu kwamba yeye si upepo.

Yakaja yale niliyomwambia. Kila masika shamba lilikuwa na vijani vya kijani vilivyomfika magotini. Kila kiangazi halikuwa na kitu. Na hapa ndipo lazima niwataje wazee wa ukoo, wakiongozwa na mzee Kassiani, mdogo wake marehemu, mtu mnene mpole ambaye maishani mwake hajawahi kutofautiana na mtu aliyezungumza mwisho. Ukoo ule hukutana kiangazi tu. Masika kila mmoja yuko shambani kwake, hana nafasi. Vikao husubiri mavuno yaingie ghalani na watu wapate muda wa kukaa. Kwa miaka yote hiyo, basi, wazee wale hawakuwahi kukanyaga shamba la shangazi wakati ambao mninga una jani. Waliujadili mti katika majira pekee ambayo haupo, na hakuna hata mmoja aliyeona ajabu.

Leodgar aliona nafasi. Kila kiangazi alikwenda kusimama katikati ya shamba, akapiga picha kwa simu yake: jivu, visiki vya mahindi, ardhi tupu hadi mpakani. Masika hakupiga hata moja. Picha hizo alizizungusha kijiweni, misibani, hata kwenye foleni ya kitubio, nikiambiwa kweli.

"Shamba la miti hilo," alikuwa akisema. "Hesabuni wenyewe."

Watu walicheka. Kumcheka mjane ni starehe ya bure, na mji wetu hauna starehe nyingi.

Mwisho wa Oktoba moja ikanyesha mvua ya ghafla, mapema kuliko kawaida, ikalainisha udongo bila kuamsha kitu. Leodgar alijua kuwa wazee hawajatawanyika. Akaitisha kikao shambani kwenyewe. Alileta viti vya plastiki vya kukodi, akavipanga kivulini mwa ule mninga wa zamani. Na alimleta pia Malale, Msukuma mwenye maksai na plau, mtu wa maneno machache anayelimia watu mashamba yao pande zetu. Katika ukoo ule, kukabidhiwa shamba hakukamiliki kwa maneno. Mrithi hukata mstari wa kwanza mbele ya wazee, na ardhi iliyopinduliwa ndiyo muhuri. Leodgar alikuwa amekuja na muhuri wake kabla ya hukumu.

Shangazi alisimama, alikataa kiti. Mimi nilisimama naye.

"Wazee wangu," Leodgar alianza, "shikamooni. Mimi si mtu wa maneno mengi." Akasema maneno mengi. Akamaliza: "Nyie mna macho. Tazameni. Mama mkubwa amepanda nini hapa?"

Wazee wakatazama. Kassiani akakuna shingo. "Naona mti mmoja," akasema, akiutazama ule uliowapa kivuli.

"Huo aliupanda Mungu, baba mdogo. Ninauliza alichopanda mama mkubwa."

Niliomba nafasi. Nilieleza kuhusu mzizi na chipukizi, kwa maneno mepesi niliyozoea kuwapa wanafunzi wa kidato cha kwanza, nikawaomba wasubiri wiki chache tu, mvua zenyewe zianze. Kassiani alitikisa kichwa kukubali. Kwa kitambo nilidhani tumeshinda. Kisha Leodgar akainuka.

"Mwalimu Dorice tunamheshimu, amesoma. Lakini jamani! Kama miti yake iko chini ya ardhi, basi hata mimi nina ghorofa. Liko chini ya ardhi. Karibuni sebuleni!"

Viti vya plastiki vilitikisika kwa kicheko. Hata Kassiani alicheka, akajifuta macho, akatikisa kichwa kukubali upande ule mwingine. Watu wazima, baadhi yao waliopewa heshima ya kusuluhisha ndoa za watu, waliuza haki ya mwanamke kwa mzaha mmoja wa dereva wa bajaji.

"Shemeji," Kassiani akamwambia shangazi kwa upole, "usituone wabaya. Kanuni hatukuitunga sisi."

"Najua, shemeji. Nyie hamjawahi kutunga kitu."

Leodgar alikwisha kumpungia Malale. Hakutaka mstari ukatwe ukingoni, kama ilivyo kawaida. Alitaka upite katikati, pale hasa shangazi alipodai amepanda, ili kila mtu aone udongo mtupu ukipinduka. Alikwenda mwenyewe kuonyesha kwa kidole pa kuanzia. Malale akaweka plau, akawaita maksai wake, wakavuta. Udongo mwekundu ukafunguka vizuri, hatua chache, na Leodgar akageuka kuwatazama wazee mikono imetanuliwa, kama padri anayeonyesha kwamba Bwana yu pamoja nasi.

Plau ikakwama. Maksai wakapiga magoti, mnyororo ukalia.

"Kuna kisiki hapa," Malale akasema.

"Kisiki cha nini? Hapa hapajawahi kuwa na mti!"

"Basi hicho ambacho hakijawahi kuwapo kimenipindia chuma," akajibu Malale, akiinama kulitazama jembe lake kwa huzuni.

Tulisogea wote. Ncha ya plau ilikuwa imezama katika kitu kinene kama kifundo cha mkono, na pale ilipokikata ulikuwa unatoka utomvu mwekundu, ukichuruzika juu ya chuma na kuingia udongoni. Wazee walirudi nyuma. Mmoja alifanya ishara ya msalaba. Shangazi alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya jeraha lile.

Sasa ungetegemea mtu aone aibu. Leodgar aliona mwanya. Akanyoosha kidole kwa mninga mkubwa. "Huo hapo! Ni mzizi wa ule. Mti mkubwa hutambaa chini hata mpaka kwa jirani. Bado ni wa Mungu."

Nilifungua kinywa kueleza kwamba mzizi unaotambaa hulala, na huu ulisimama wima. Kwamba ukitazamwa vizuri, kichwa chake kilikuwa na makovu ya machipukizi yaliyokufa. Shangazi alinishika mkono. Alisimama na kuifuta mikono kwenye khanga yake, ikabaki alama nyekundu.

"Mwanangu Leodgar," akasema, "umekuwa ukipenda kufukua. Chukua jembe. Fuata mstari kuelekea kwenye kaburi la baba yako mkubwa. Hatua moja ndefu kutoka hapo, fukua."

"Nikikosa?"

"Ukikosa, shamba lako."

Nilitaka kumzuia. Kufukua mzizi ni kuuua, na alikuwa akiiweka rehani miaka yake yote mikononi mwa mtu yule yule aliyeua karanga za Katumba. Alinitazama tu.

Leodgar akafukua. Akakuta mzizi. Akapima hatua nyingine, akafukua, akakuta mwingine. Hapo mtu mwenye akili angeacha. Yeye alikwisha kuona kwamba shimo moja tu likikosa mzizi ushindi ni wake, na isitoshe, naamini, ile hamu yake ya kale ilikuwa imemshika: kuna kitu chini, lazima akione. Alivua shati. Jasho lilimtoka. Shimo baada ya shimo alizidi kwenda kwenye mstari ulionyooka, akitoa mzizi mmoja mnene, mwekundu, kila mahali ambapo kamba ya Venansi ilikuwa na fundo. Viti vilibaki kivulini. Wazee wote walikuwa wakimfuata nyuma, shimo kwa shimo, kwa ukimya wa watu wanaofuata jeneza. Imakulata, aliyekuja na maji ya kunywa ya wazee, alisimama pembeni.

"Baba Upendo," akamwita hatimaye, "acha sasa. Umeshamwonyesha kila mtu."

Aliinua kichwa. Alitazama nyuma, akauona mstari wake mwenyewe wa mashimo, umenyooka kama reli ya Kaliua.

Shangazi alimgeukia Kassiani. "Shemeji, nikuulize. Mungu naye hupanda kwa kamba?"

Kassiani alitazama mashimo, akautazama mninga mkubwa, akatazama mashimo tena. Kwa mara ya kwanza hakukuwa na mtu mwingine wa kuzungumza ili yeye akubaliane naye. "Kilichopandwa kipo," akasema kwa shida. "Shamba ni la shemeji." Wenzake waliitikia haraka mno, kama kwamba ndivyo walivyosema tangu asubuhi. Yule aliyefanya ishara ya msalaba alimwambia shangazi kuwa yeye binafsi hakuwa na shaka kamwe. Hakuna aliyeomba radhi. Watu wa aina ile huona kwamba kukurudishia kilicho chako ni ukarimu unaotosha.

Mstari ule mmoja ulikufa. Shangazi aliyafukia mashimo mwenyewe, akikataa msaada wa Leodgar, aliyejitokeza kwa nguvu baada ya kila kitu kwisha. Mistari iliyobaki ilichipua mvua zilipoanza, na kiangazi kilichofuata ikafa, na watu wakaanza kunong'ona tena, kwa kuwa kumbukumbu ya wenye macho ni fupi. Lakini masika baada ya hapo mingi ilitoa mashina yenye unene wa kidole gumba, magumu, yenye majani mapana. Na kiangazi kilipoingia, mashina hayakufa. Moto wa majirani ukapita chini yake, ukayaunguza magome, ukaenda zake. Yamesimama. Leo yanamzidi shangazi kimo, na kaburi la Venansi limeanza kupata kivuli asubuhi.

Leodgar huwapeleka wageni kuyaona. Huwaeleza kwamba ndiye aliyegundua mizizi, kwamba bila yeye kuchimba hakuna ambaye angejua, na kwamba plau ile ililegeza udongo ndiyo maana miti imekwenda juu kwa kasi. Sehemu ya kwanza, kwa bahati mbaya, ni kweli. Wageni humsifu. Mtu makini, husema, mtu wa ushahidi.

Yeye mwenyewe amekuwa muumini. Aliokota matunda chini ya mninga mkubwa, akapanda nyuma ya nyumba yake, na kwa kuwa sasa anajua kwamba siri iko chini, kila Jumapili akitoka misani huchukua kijiko cha jikoni na kwenda kuufukua kila mche atazame mzizi umefikia wapi. Huufukia tena, hushindilia kwa kisigino. Hakuna hata mmoja uliovuka msimu wa pili. Amenijia kulalamika kwamba mbegu za mama mkubwa zina kasoro, na kuuliza kama mimi, kwa elimu yangu, sina dawa.

Nilimwambia sina.

Hivi karibuni nilikutana na Imakulata sokoni. Nilimuuliza habari za mininga ya mumewe, akaangua kicheko mpaka akashika meza ya mwenye nyanya.

"Nimepanda mmoja Katumba, kwa mama," akaninong'oneza. "Ni mwaka wa tatu sasa. Unaendelea vizuri."

"Yeye anasemaje?"

"Hajui ulipo," akasema. "Ndiyo maana unaendelea vizuri."